Tangi la bahari sebuleni: mwani, joto na yale magadi

Wiki iliyopita watu wawili wa hapa Kisauni wameniuliza swali moja, kila mmoja kwa wakati wake: mbona tangi langu limegeuka kijani na maji nayabadilisha kila siku? Mimi nilipoanza sikuwa na wa kumuuliza. Nilipoteza samaki wawili, konokono kumi na mmoja, tumbawe ambalo sitalipata tena, na pesa nilizokuwa nimeweka za kununulia cherehani ya pili. Basi nitaeleza yote, hata yale yanayonionea haya.

Mimi ni fundi wa nguo. Tangi nililipata Januari 2021 kwa mteja wangu mmoja wa Nyali aliyekuwa akirudi kwao Ulaya. Urefu sentimita 90, upana 40, kina 40. Ukipiga hesabu ni lita 144, lakini ukishaweka mawe na mchanga maji yenyewe hayazidi lita 110. Shika hii namba ya pili. Mimi kwa miezi saba nilitia kila kitu kwa hesabu ya 144. Aliniuzia kwa shilingi 18,000 pamoja na mawe hai (mawe ya mwamba yenye vijidudu ndani yake), samaki wawili wa klauni, matumbawe laini ya vifungo na ya uyoga, moja la ngozi lililokuwa pana kama sahani ya biriani, na moja gumu, dogo, lenye mikunjo kama ubongo. Hilo la ubongo ndilo lililonifanya nilipe bila kubishana bei.

Kabla sijaendelea, usije ukasoma haya ukachukua patasi ukaenda mwambani. Hifadhi ya Bahari ya Mombasa ilitengwa mwaka 1986, na ndani ya eneo la mbuga huruhusiwi kuokota hata kombe tupu. Matumbawe magumu yamo pia katika CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo kuyauza na kuyasafirisha kwenda nchi nyingine kunahitaji vibali. Chukua kwa mtu mwenye vibali vyake, au kwa mtu anayeachana na tangi kama nilivyofanya mimi.

Kuhama kwenyewe tulikosea. Mawe tuliyaweka ndani ya ndoo bila maji, tukayapandisha tuktuk, yakakaa juani saa nzima tukiwa kwenye foleni ya Kongowea. Vijidudu vilivyokuwa ndani ya mawe vikafa, vikaoza ndani ya tangi, na amonia, ile sumu ya vitu vinavyooza, ikapanda. Klauni mmoja alikufa siku ya sita. Mawe hai yasafirishwe yakiwa yamezama ndani ya maji yake yenyewe, au angalau yamefunikwa kwa matambara yaliyolowa maji hayo. Halafu usubiri. Bakteria wa kugeuza amonia kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitreti, huhitaji kama wiki nne hadi sita kujijenga, na hakuna dawa ya kuwaharakisha inayoshinda kusubiri.

Sasa maji. Sisi watu wa pwani tuna dhana kwamba bahari ni bahari, ukichota umechota. Mimi niliwatuma vijana wa mtaani na mitungi sita ya lita 20, wakateka upande wa hori ya Tudor, maji yakiwa yanapwa, siku mbili baada ya mvua. Ami yangu ni mvuvi tangu hajaota ndevu. Alikuja jioni ile, akafungua mtungi mmoja, akachovya kidole, akaonja, akatema.

"Maji haya mmeyateka wapi?"

Nikamwambia.

"Yakijaa au yakipwa?"

"Yakipwa, ami."

"Basi mmeteka mtaro, mwanangu."

Akanieleza jambo ambalo nimeishi Mombasa miaka yote bila kulifikiria. Maji yakipwa, hori humwaga nje kila ilichopokea kutoka nchi kavu: maji ya mitaro, ya vyoo, ya mvua. Yakijaa, hasa bamvua, bahari safi ndiyo inayoingia. Tangu siku hiyo yeye ndiye huniletea, kutoka nje ya mwamba, kwa mashua, wakati wa kaskazi bahari ikiwa shwari na unaona chini. Kusi ikishavuma na masika yakiingia hukataa kata kata, na mimi hutumia chumvi ya kuchanganya, ile ya matangi ya bahari, gramu 35 kwa kila lita ya maji matamu. Maji ya ami huyachuja kwa kitambaa cha marekani kilichokunjwa mara mbili na kufuliwa bila sabuni, kisha huyaweka ndani ya pipa lenye kifuniko, pampu ndogo ikiyazungusha, mahali pasipoingia mwanga.

Kosa lililofuata lilitokana na kutojua kitu rahisi mno. Maji ya tangi hupungua kila siku kwa kukauka, na mimi nilikuwa najaza kwa maji ya bahari. Kinachokauka ni maji, chumvi hubaki. Ndivyo chumvi ya Gongoni inavyotengenezwa, na ndivyo nilivyokuwa nikifanya sebuleni kwangu. Nilikuwa na kile kipimo cha plastiki chenye mshale, kikinionyesha kwamba mambo ni sawa. Niliponunua rifraktomita, kipimo cha chumvi cha kuaminika zaidi, kwa shilingi 3,500 kilisoma 1.033, na maji ya bahari yanatakiwa kuwa 1.025 au 1.026. Matumbawe ya vifungo yalikuwa yamejifunga wiki tatu na mimi nikidhani yamelala. Chumvi niliishusha polepole kwa siku nane, kila siku kutoa maji kidogo na kutia matamu. Ukiishusha kwa siku moja utawaua waliosalimika.

Kwa hiyo jaza kwa maji matamu. Lakini matamu yapi? Hapa ndipo mwani ulipopata mlango. Mtaani kwetu maji ya mfereji huja siku mbili kwa wiki, tukijaliwa. Siku nyingine tunanunua ya mkokoteni, na hayo mengi ni ya visima. Visima vyetu viko baina ya vyoo vya mashimo, kila mtu anajua. Nilipokuja kupata vipimo vya matone nikapima yale maji niliyokuwa nikiyatia: nitreti miligramu 40 kwa lita, na chumvi yake mwenyewe juu. Yaani kila siku nilikuwa namwagilia bustani ya mwani kwa mbolea.

Suluhisho lilikuwa hatua thelathini kutoka mlangoni kwangu, kwenye kibanda cha maji ya kusafishwa, yale yanayopitishwa kwenye utando mwembamba kwa mgandamizo. Wakati ule ilikuwa shilingi 100 mtungi. Ila usiamini jina la kibanda. Nunua kile kipimo kidogo cha kuonyesha vitu vilivyoyeyuka, mimi nilikipata kwa shilingi 900, uende nacho. Kibanda cha kwanza kilisoma 180, kumbe vichujio vyao vilikuwa vimechoka. Cha pili kilisoma 22. Kuna vibanda vingine hurudishia madini kwa ajili ya ladha, hayo pia si yetu. Mwaka uliofuata nilinunua mashine yangu ndogo kwa shilingi 14,500, lakini kwa mtu anayeanza kibanda kizuri kinatosha kabisa.

Nirudi Machi 2021. Kwanza ulikuja mwani wa kahawia, kama vumbi la kakao juu ya mchanga na vioo. Hizo ni diatomu, karibu kila tangi jipya huzipitia, na zilijiondokea zenyewe baada ya wiki tatu. Ningeziacha tu. Badala yake nilisugua, nikabadilisha maji kila siku, kwa yale yale maji ya hori (ami alikuwa bado hajanionya) na ya kisima, nikidhani nasafisha.

Mwezi wa nne ukaja wa kijani wa nywele. Asiyeuona hawezi kuelewa. Unaanza kama ukungu kwenye pembe ya jiwe moja. Baada ya siku kumi una urefu wa kucha, baada ya mwezi ni kichwa cha mtu kinachopepea ndani ya maji. Ulifunika vifungo vyangu, kimoja kimoja, hadi vikawa havipati mwanga. Usiku, watoto wakishalala, nilikuwa nakaa na mswaki na mwanangu mkubwa akinishikia tochi, tunang'oa. Unaushika baina ya vidole, unavuta, unatoka na kipande cha jiwe, na vile vipande vinavyokatika vinaelea vinakwenda kutua kwenye jiwe ambalo lilikuwa safi. Asubuhi maji yana harufu ya tope, na wiki inayofuata jiwe lile safi nalo limeota. Nilipanda mwani kwa mikono yangu mwenyewe hivyo, miezi miwili.

Ng'oa nje ya tangi. Toa jiwe, liweke ndani ya ndoo yenye maji ya tangi, ng'oa kwa vidole, sugua, suuza kwenye ndoo ya pili, rudisha. Jiwe moja au mawili kwa wiki, si yote kwa mpigo.

Na kung'oa peke yake hakutoshi, kwa sababu mwani unakula. Nilipopima, nitreti ilikuwa miligramu 50 kwa lita na fosfeti 0.5, na kwa tangi la namna hii mimi sasa nataka nitreti kati ya 5 na 10, na fosfeti kati ya 0.05 na 0.1. Ilitoka wapi yote hiyo? Kisima nimeshakitaja. Mchango mwingine ulitoka kwenye chakula. Nilikuwa nanunua kamba wadogo sokoni, nawaponda, nawagandisha, kisha natia donge lote pamoja na maji yake, mara tatu kwa siku, kwa samaki mmoja. Yale maji ya kamba walioyeyuka yamejaa fosfeti. Sasa nayeyusha ndani ya chujio la chai, nasuuza, na natia kiasi ambacho samaki humaliza ndani ya dakika mbili, mara moja kwa siku. Halafu tangi lilikuwa karibu na dirisha la mashariki, likipigwa na jua la asubuhi. Tulilihamisha ukutani, na taa nikaiwasha kwa saa nane kwa siku badala ya kumi na tatu. Nikaongeza konokono wa kula mwani.

Nilitegemea wiki mbili. Ilichukua miezi minne. Ukishapunguza kinachoingia, vipimo vinashuka kidogo kisha vinasimama, na mwani unaendelea kuota kama vile hujafanya kitu. Sababu ni kwamba mawe na mchanga wa tangi ni chokaa, na chokaa hunasa fosfeti. Ikipungua majini, mawe huirudisha polepole. Mwani nao umekaa juu ya jiwe lenyewe, unaipokea kabla haijafika majini. Hapo wengi hukata tamaa wakaenda kununua dawa ya chupa. Mimi nilikaribia. Baba watoto ndiye aliyenizuia, na hakunizuia kwa elimu bali kwa sababu tulikuwa tunadaiwa karo.

Sasa nifike kwenye magadi.

Agosti mwani ulikuwa umeanza kukatika, na mimi nikaanza kuangalia vipimo vingine. Alkaliniti ilikuwa digrii 5.6. Hii ni ile akiba ya kaboneti ndani ya maji, ambayo huyafanya maji yasiyumbe kuelekea tindikali, na ambayo tumbawe gumu huichukua pamoja na kalsiamu kujengea mifupa yake. Maji ya bahari yana kama 7, na matangi mengi hushikiliwa kati ya 7 na 9. Kalsiamu inatakiwa kuwa kama miligramu 420 kwa lita, magnesiamu kama 1,300. Ukitaka kuelewa tumbawe linafanya nini na vitu hivyo, nenda kaguse ukuta wa Ngome ya Yesu. Ule mwamba Wareno walioujengea kati ya 1593 na 1596 ni mifupa ya matumbawe ya kale, kalsiamu na kaboneti zilizoshikana. Tumbawe langu la ubongo lilikuwa linajenga ukuta kama huo, kwa kiasi cha chembe kwa siku.

Nilikuwa nimesoma kwamba alkaliniti hupandishwa kwa bikaboneti ya sodiamu. Nikaenda Marikiti, nikauliza, muuzaji akanipa magadi, yale mawe ya kulainishia maharage, nikayapokea kwa sababu nilidhani ni kitu kimoja. Si kitu kimoja. Bikaboneti ni ile soda nyeupe laini ya kutilia bajia. Magadi yana kaboneti kali pamoja nayo, na uchafu wa ziwa, na yale ya Ziwa Magadi yana floridi nyingi.

Niliyasaga kwenye kinu, nikayeyusha vijiko viwili ndani ya kikombe cha maji, nikamimina yote mahali pamoja, mbele ya pampu.

Kwa sekunde chache hakukutokea kitu. Kisha pale nilipomimina pakawa na moshi mweupe, ukatanuka, ukalifunika jiwe la kwanza, ukaingia chini ya jiwe la pili, na dakika moja baadaye sikuweza kumwona samaki. Tangi zima lilikuwa tui. Kalsiamu na kaboneti zilikuwa zimekutana kwa nguvu, zikawa unga wa chokaa, zikaanza kutua kama jivu juu ya kila kitu. Tumbawe la ubongo lilikuwa wazi, limejaa, rangi yake ya kijani iking'aa, na nikaona ule unga ukikaa ndani ya mikunjo yake, mkunjo mmoja mmoja. Nilichukua sindano ya plastiki nikawa napuliza maji kuuondoa, nikipuliza hapa unatua pale. Kipimo cha pH kilitoa rangi ambayo haimo kwenye kadi. Nilibadilisha lita 40 usiku ule, zote nilizokuwa nazo. Asubuhi kalsiamu ilikuwa 350, na nyama ya tumbawe ilikuwa imeanza kuachana na mfupa upande mmoja. Siku ya nne ulibaki mfupa mweupe. Ninao mpaka leo, juu ya kabati la vitambaa.

Hesabu sahihi ni hii, na uiandike ukutani: gramu 3 za bikaboneti ya sodiamu kwa kila lita 100 hupandisha alkaliniti kwa digrii 1. Tangi langu la lita 110 ni gramu 3.3. Usipandishe zaidi ya digrii 1 kwa siku. Yeyusha ndani ya maji mengi, mimina tone kwa tone mahali pampu inapovuma. Soma pakiti vizuri usije ukachukua bekingi pauda, maana hiyo huchanganywa na tindikali, mara nyingi yenye fosfeti, na wanga. Na kabla hujashughulikia kalsiamu wala alkaliniti, pima magnesiamu. Ikiwa chini, hizo mbili hazikai pamoja majini, utapandisha moja na nyingine itaanguka, na utazunguka hivyo mwezi mzima. Kusema kweli, kwa tangi la matumbawe laini peke yake, kubadilisha lita 11 kila wiki kwa maji mazuri kunarudisha karibu kila kitu. Siku hizi sitii bikaboneti ila mara chache.

Baada ya msiba ule nilitaka kila kitu kiwe safi kabisa. Oktoba nikaagiza ule mchanga mwekundu wa chuma unaonyonya fosfeti, nikautia mara mbili ya kiasi kilichoandikwa. Wiki mbili, fosfeti sifuri, nitreti sifuri. Mwani wa kijani ukafa. Niliwaita majirani waje waone.

Kisha ukaja utelezi wa kahawia, wenye nyuzi kama makamasi na mapovu madogo kwenye ncha. Saa sita mchana umefunika kila kitu. Usiku ukizima taa unapungua, unadhani umekwisha, kesho adhuhuri uko pale pale. Konokono wakaanza kuanguka kutoka kwenye kioo, mmoja leo, wawili kesho, wamelala chali hawajigeuzi. Kumi na mmoja.

Hizo zilikuwa dinoflajeleti, viumbe vidogo mno visivyoonekana kimoja kimoja kwa macho, na mimi ndiye niliyezifungulia mlango kwa kuondoa chakula chote. Mwani wa kawaida na bakteria wakikosa chakula huachia nafasi, na hizi hustawi pale ambapo wengine wamekufa njaa. Namna ya kuzitambua nyumbani: chukua utelezi kidogo na maji yake ndani ya chupa, tikisa sana mpaka usambaratike, chuja kwa karatasi ya tishu, uyaache yale maji yaliyochujwa kwenye mwanga. Yakijikusanya tena kuwa nyuzi ndani ya saa moja, karibu hakika ni zenyewe. Jirani yetu mwalimu wa biolojia alinitazamia kwa hadubini ya shule: vitu kama mbegu za ufuta, vikizunguka mahali pamoja kama vimefungwa kwa uzi. Usizichanganye na sianobakteria, ule utando mwekundu mzito unaonyanyuka kama kitambaa. Huo hunyonywa kwa mpira na kuongezewa msukumo wa maji mahali palipotuama.

Nilifanya kinyume cha kila nilichokuwa nimezoea. Nilitoa ule mchanga mwekundu. Niliacha kubadilisha maji wiki sita. Nililisha zaidi. Nilitia nitreti ya chupa kidogo kidogo mpaka ikasoma 5. Niliomba kikombe cha mchanga wenye vijidudu kutoka kwa mtu mwenye tangi la miaka mingi. Na nililifunika tangi siku tatu kamili kwa kitambaa cheusi cha buibui nilichokuwa nimekiagiza kwa kazi ya harusi, pampu zote zikiendelea ili hewa isikosekane. Wiki ya tisa vipande vya kijani vilirudi kwenye kona, na nilifurahi kuviona kama vile ni mboga nilizopanda.

Hapa niseme kwa uzito. Baadhi ya dinoflajeleti hizo zina sumu, na matumbawe ya vifungo yana sumu kali zaidi inayoitwa palitoksini. Vaa glavu, usitie mkono wenye kidonda, na usithubutu kuchemsha jiwe lenye vifungo wala kulisugua kwa maji ya moto. Ule mvuke umelaza familia nzima nzima hospitalini katika nchi mbalimbali. Mimi nilikuwa nimeshaweka sufuria jikoni siku moja, ili kuua mwani kwenye jiwe. Nilighairi kwa sababu gesi iliisha.

Joto nitalisema kwa ufupi, ingawa Mombasa haliepukiki. Machi 2022 maji ya tangi yalifika 31.4. Ami anaukumbuka mwaka 1998, jinsi mwamba ulivyogeuka mweupe baada ya bahari kupata moto, na alipoona tumbawe langu la ngozi limenywea aliniambia ndivyo ilivyoanza. Feni ndogo inayopuliza juu ya maji ilishusha hadi 28.5 na inatosha, ila maji yanakauka lita tatu kwa siku, nawe unajaza matamu. Chupa za barafu nilizijaribu. Zinapandisha na kushusha mno. Usiku mmoja mwezi huo stima ilipotea kwa muda wa saa tano. Maji ya moto hubeba hewa kidogo, na nilikuwa nimemnunua kangaja mdogo, samaki ambaye kwa kweli hakustahili kuwekwa kwenye lita 110, ni wa kuogelea mbali. Nilipoamka alfajiri alikuwa ameshakufa. Pampu ya hewa ya betri wakati ule ilikuwa shilingi 1,200. Inunue kabla ya samaki wa kwanza.

Siku hizi nina daftari la oda za wateja, na kurasa za nyuma ni za tangi: tarehe, joto, chumvi, alkaliniti, nitreti, fosfeti, na nilichobadilisha. Kitu kimoja tu kwa wiki mbili, kisha nasubiri. Nikisoma kurasa za 2021 naona siku nilizobadilisha vitu vitano kwa mchana mmoja, na sikuweza kujua kipi kilichosaidia na kipi kilichoua. Jiwe moja la pembeni lina mwani wa kijani mpaka sasa. Konokono hulala hapo.

Jana ami alipita akitoka msikitini, akainama kulitazama tumbawe la ngozi, limefunguka lote, vidole vyake vikiyumba na maji. Akakaa kimya kidogo.

"Bamvua ya mwezi mwandamo ni Jumamosi," akasema. "Niwekee mitungi sita."

Nimeshaiosha. Inakauka uani.